Saa, Siku na Mwezi

Waliokuwepo sebuleni Jumapili ile, saa tisa alasiri, ni hawa: mama, kwenye kiti chake cha mgongo mrefu; mjomba, mdogo wake mama na karani mstaafu, aliyekalia ukingo wa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa; fundi wa simu, mwanamke wa makamo aliyeletwa na mjomba, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa; na mimi, mwenye nyumba, mwalimu, mtoto wa kwanza. Asiyekuwepo: mdogo wangu, kitinda mimba, aliyekuwa ng'ambo. Nimeita mahudhurio kwa miaka ishirini na sita, na ninajua kwamba jina linalomsumbua mwalimu ni la yule asiyeitika.

Fundi aliichukua simu ya mama, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaitazama kwa muda usiozidi pumzi mbili.

"Leo siku gani?" aliuliza.

"Jumapili," alijibu mjomba. "Muulize mstaafu. Ninyi wengine siku zinawakimbiza tu, hamzijui hata majina."

"Simu inasema Jumamosi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Vikombe vilianza kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, nikalazimika kuliweka sinia chini kabla havijanisema.

Ili yaliyofuata yaeleweke, sina budi kurudi nyuma siku kumi na tisa, kisha nirudi nyuma zaidi ya hapo, kwa maana wivu hauanzi siku ile mtu anapoutenda.

Mama alihamia kwangu baada ya baba kufariki. Nilimtengea chumba chenye jua la asubuhi. Dawa zake nilizipanga katika kisanduku chenye vyumba saba, nguo zake nikazipiga pasi kila Jumamosi, na viatu vyake nikavielekeza mlangoni ili asipate taabu ya kuvigeuza. Hakuna aliyeweza kunyoosha kidole na kusema hapa mwalimu amekosea. Lakini mazungumzo yetu yalikuwa haya:

"Mama, umekula?"

"Eh?"

"Nimeuliza, umekula?"

"Nimekula, mwanangu."

Basi. Nilikuwa nikiuliza huku kalamu nyekundu inatembea juu ya insha za watoto wa watu, kwa sababu madaftari themanini hayajisahihishi yenyewe. Ile "Eh?" yake ilinikaa kama kijiwe ndani ya kiatu. Niliisikia kuwa ni dharau. Niliisikia kuwa ni mtu aliyechoka nami, anayenirudishia swali langu kama barua iliyokosea anwani.

Kisha ikifika saa kumi na moja jioni, mama yuleyule aligeuka mtu mwingine. Alifunga kitambaa kipya kichwani, akajipaka mafuta usoni, akaiegemeza simu kwenye chombo cha maua na kufungua kile alichokiita "dirisha." Lilikuwa ni programu ya kutumiana ujumbe kwa faragha. Mdogo wangu ndiye aliyeichagua kabla hajaondoka; alisema humo hata wenye programu wenyewe hawawezi kuchungulia. Ilifungwa kwa namba sita, na namba hizo walizijua wao wawili. Kila jioni mama alinipa mgongo, akazibonyeza kwa kidole kimoja, kisha akageuka akitabasamu, naye mdogo wangu akajaa kwenye kioo, uso mzima, pua karibu ivunje kamera.

Mdogo wangu alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka katika hospitali ya huko aliko. Alipozungumza na mama alifungua mdomo mno, akatamka kila neno kama anayelitafuna. Niliona ni maringo. Nilijiambia, tazama mtu aliyekaa ng'ambo miaka sita, hata Kiswahili anakionea haya. Na mama alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akapiga goti, akafuta machozi. Nami chumba cha pili, nikisikia kicheko kinachopita ukutani, niliweka alama ya vema mahali pa kosa na kosa mahali pa vema, ikabidi nianze daftari upya.

Siku moja nilimwambia, "Mbona usimpigie simu ya kawaida? Si lazima kujipamba."

"Eh?"

Nikarudia, kwa sauti ya darasani.

"Nataka uso wake," alisema mama.

Uso wake! Uso wangu anao hapa, nikawaza, asubuhi na jioni, bila malipo ya mtandao, wala hautaki. Chanda chema huvikwa pete. Mimi nilikuwa kidole gumba, cha kufunga kamba na kubeba ndoo.

Jumatano ya kwanza katika zile siku kumi na tisa, umeme ulirejea baada ya kukatika siku mbili. Simu ya mama ilikuwa imekufa kabisa. Nilipoichaji na kuiwasha, nilikuta imerudi miaka sita nyuma, siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, saa sita na dakika mbili usiku. Niliitazama tarehe ile kwa muda. Mwaka ule mdogo wangu alikuwa bado analala nyumbani, baba alikuwa hai, nami nilikuwa nikija likizo na kukaribishwa kama mgeni.

Mama alibonyeza dirisha lake. Maandishi madogo yakasema: *Inaunganisha.* Yakaendelea kusema hivyo.

Nilijua sababu papo hapo. Mwaka uliopita kompyuta ya shule ilitufanyia vivyo hivyo: chombo kikiamini kuwa ni mwaka mwingine, milango yote ya siri hukikataa, kama mlinzi anayekataa kibali kilichopitwa na wakati. Dawa yake ni dakika moja. Nilifungua mahali pa tarehe. Nikarekebisha saa, kwa sababu mama hunywa dawa kwa saa ya simu. Nikarekebisha siku. Nikarekebisha mwezi. Kidole changu kikafika kwenye mwaka.

Huko sebuleni mama alikuwa tayari amefunga kitambaa kipya.

Mwaka niliuacha.

"Dirisha halifunguki," nilimwambia. "Ni tatizo la muunganisho. Tutalishughulikia kwa utaratibu."

Sikukusudia zaidi ya jioni moja; na jioni ile ilikuwa nzuri. Niliweka meza ndogo kati yetu, nikaketi mbele yake, nikachukua daftari jipya na kuandika hatua tisa za kuchunguza tatizo. Ile ya kuangalia tarehe, ambayo kwa haki ni ya kwanza, niliiandika ya mwisho. Kisha nikamweleza hatua ya kwanza kama ninavyoeleza kidato cha kwanza: polepole, silabi kwa silabi, nikimtazama machoni kuhakikisha ameelewa. Tulizima simu, tukaiwasha. Haikuunganisha. Mama akaguna, akasema simu ni kama mashine za kule kiwandani, ukiipiga kofi inakumbuka kazi. Mama alishona katika kiwanda cha nguo kwa miaka ishirini na miwili. Tukacheka. Mimi na mama tukacheka!

Kesho yake alinisubiri. "Leo somo gani, mwalimu?" aliuliza.

"Leo ni hali ya ndege. Tunaiwasha, kisha tunaizima."

"Ndege? Mimi hata ngazi ya ghorofa ya pili inanipa kizunguzungu."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, hatua moja kwa jioni moja, na hatua nyingine nikizirudia kwa kisingizio cha uhakika. Ruhusa za programu zilichukua siku tatu. Kiokoa betri, siku mbili. Nafasi ya kuhifadhia ilichukua nne, kwa kuwa tulipitia picha moja moja, na kila picha ilikuwa na hadithi yake. Alinisimulia habari za msimamizi wao waliyembandika jina la Sindano Butu, aliyetembea kati ya mashine mia mbili bila kujua kwamba wanawake wote wale, vichwa vimeinama, walikuwa wakimsengenya usoni pake. "Kwa kelele zile?" niliuliza. "Mlisikianaje?" Mama alicheka tu. Nilidhani ni chumvi ya hadithi.

Hakuna jioni hata moja aliyosema "Eh?" Niliona. Nikajipa sifa ambayo haikuwa yangu: nilijiambia, yule akiondoka kidogo kwenye kioo, mama ananisikia.

Siku ya kumi na moja, Jumamosi, mdogo wangu aliniandikia kwenye simu yangu. "Dada, dirisha la mama limefungwa siku nyingi. Kuna nini?"

"Mtandao," nilimjibu. "Ninalishughulikia."

"Tumia simu yako basi. Nahitaji kuzungumza naye kabla ya Alhamisi. Nimwone. Ni jambo langu na mama."

Nilisoma sentensi ile ya mwisho mara nne. Ningekuwa mtu mwema ningeuliza, Alhamisi kuna nini, mdogo wangu? Kuuliza maswali ndiyo kazi inayonilisha. Lakini kilichonisimama kooni ni yale maneno, *langu na mama*. Kwamba hata sasa, dirisha likiwa limefungwa, kulikuwa na chumba ndani ambamo mimi si wa kukaribishwa. Nikamjibu kwamba nina mitihani ya kusahihisha, nikirudi mama huwa amekwisha pumzika, avumilie. Ulikuwa uongo uliovaa sare ya kazi.

Akajibu, "Sawa, dada." Hakuandika tena. Alhamisi ilikuja, ikapita. Tulikuwa hatua ya nane, toleo jipya la programu.

Siku ya kumi na tisa mjomba alichoka. "Wewe mwalimu wa vitabu," alisema akiwa mlangoni, "mgonjwa huyu umemlaza wiki tatu bila daktari. Nimekuletea daktari." Na nyuma yake akatokea fundi.

Sasa ninarudi sebuleni.

"Jumamosi?" mjomba alisema. "Hebu lete."

"Siku inakwenda kinyume kwa sababu mwaka si huu," alisema fundi. Alikuwa akizungumza na simu zaidi kuliko nasi. "Mwaka uko nyuma, miaka sita. Betri ikifa kabisa hutokea. Ila ikifa, vyote hurudi pamoja. Hapa saa ni sahihi. Siku ya mwezi, sahihi. Mwezi, sahihi. Mwaka tu ndio..."

Alishusha miwani ya kichwani, akaipandisha tena, kisha akaniangalia mimi. Nilimfahamu yule mwanamke kwa nusu saa tu, lakini naamini hakuna mtu aliyewahi kunisoma upesi kiasi kile.

"Hutokea," alisema. "Simu za siku hizi zina vituko vyake. Mwalimu asingeweza kujua."

Alinipa mlango wa kutokea na akauacha wazi. Mjomba akapiga makofi. Fundi akabadilisha mwaka, akamrudishia mama simu. Mama akanipa mgongo, akabonyeza namba zake sita.

Dirisha likafunguka. Ujumbe uliingia kama mvua ya mawe juu ya bati. Simu ilitetemeka mkononi mwa mama mpaka ikambidi aishike kwa mikono miwili. Miito ya video isiyopokewa, kumi na minne. Na sauti zilizorekodiwa, nne. Mdogo wangu hakuwa na desturi ya kutuma sauti. Mama aliongeza sauti hadi mwisho, akabonyeza ya kwanza, na nyumba nzima ikajaa mdogo wangu.

"Mama, najua hii huisikii, na maandishi huyajui. Nimekosa la kufanya. Mwombe dada akae mbele yako akurudilie maneno."

Mama aliitazama simu kama mtu anayetazama chungu kinachokataa kuchemka. Kisha akamgeukia mjomba. "Kasema nini?"

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu maisha yangu yote. Mjomba, aliyekuwa karani wa kiwanda kilekile, hakupaza sauti. Hakutoa sauti kabisa. Alimwinulia mama uso, akayarudia maneno yale kwa midomo mitupu, akiifungua mno, kama anayetafuna. Mama akaitikia kwa kichwa. "Endelea," alisema.

"Mjomba," nilisema, "unafanya nini?"

"Namwambia. Kiwandani sote tulizungumza hivi, mashine zikinguruma. Masikio ya mama yako yalibaki kulekule, hukujua? Anasikia kwa macho." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kitinda mimba wenu alikuwa akija pale dirishani kila mchana baada ya shule. Ndiko alikojifunza. Wewe ulikuwa bweni."

Sauti ya pili ilikuwa ndefu kidogo. "Mama, na lile la dada, mwambie mwenyewe. Kila siku unanililia mimi, eti mwanangu huyu huongea na madaftari, simwoni mdomo, nikiuliza anakasirika, naogopa kumpotezea wakati. Mwambie ainue uso, mama. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kazi tu."

Mjomba aliirudia yote, midomo yake ikisita palipotajwa mimi. Mama hakunitazama.

Ya tatu ilitumwa Jumatano, siku ya kumi na tano. "Mama, kesho wananipasua koo. Kuna uvimbe. Daktari kasema hauna ubaya, ila sauti inaweza kuharibika. Sikutaka kumwambia dada, ana mitihani, ana mambo mengi, na wewe juu yake. Nilitaka unione tu kabla. Unichekeshe. Lakini hata sauti ikienda, wewe utanisikia vilevile, si ndiyo? Ninyi wa kiwandani hamuwezekani."

Mjomba alianza kuirudia, midomo ikakataa. Alijaribu tena. Akafunika uso wake kwa kiganja, mzee yule wa mizaha, na nyuma ya kiganja hakuna linalosomeka.

"Kasema nini?" mama aliuliza. Aliuliza huyu, akauliza yule. "Jamani, mwanangu kasema nini?"

Fundi aliniangalia tena.

Nilichukua kigoda, nikaketi mbele ya mama, magoti yetu yakagusana. Nikamwambia. Kesho wananipasua koo. Kuna uvimbe. Nilitamka kila silabi, nikayapitisha maneno ya mdogo wangu katika mdomo wangu mwenyewe, na yalikuwa machungu kama vidonge ninavyompangia. Nilipofika kwenye *nilitaka unione tu kabla*, macho ya mama yalikuwa yamebandikwa kwenye midomo yangu, hayapepesi, nami nikaelewa mtoto anavyojisikia anapotazamwa hivyo kila jioni.

Sauti ya nne ilikuwa ya jana yake. Haikuwa sauti, ilikuwa pumzi iliyokwaruzwa. "Nimetoka. Mzima. Mtandao ukirudi, nipo."

Nikamrudilia mama hiyo nayo. Akafumba macho, akayafumbua.

"Alhamisi," alisema taratibu. "Alhamisi tulikuwa tunafanya nini, mwanangu?"

"Hatua ya nane."

Mjomba alikuwa amejikusanya. "Basi, yaishe. Mtoto mzima, dirisha limefunguka, mashine ni mashine. Nani wa kulaumiwa hapa? Umeme." Fundi naye alikuwa akifunga mkoba wake, kichwa chini, akihesabu bisibisi ambazo hakuzitumia. Ule mlango alionifungulia ulikuwa bado wazi. Miaka saba imepita, na mpaka leo huwa ninaukumbuka, upana wake, na jinsi ambavyo hakuna mtu angesikia nikipita.

Sikuinuka kigodani.

"Mjomba, keti," nilisema. "Nawe fundi, nisamehe, ngoja kidogo. Simu haina vituko. Saa niliirekebisha mimi, na siku, na mwezi. Mwaka niliuacha kwa makusudi. Nilijua tangu Jumatano ile ya kwanza. Nilimwonea wivu mdogo wangu. Sasa ninampigia kwa video, mkiwa hapa hapa, nimwambie yote mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Namba sita sizitaki, mama ataandika."

Niliyasema polepole, uso nimeuinua.

Mama hakusema "Eh?" Alinipa mgongo, kama kawaida yake, akaanza kubonyeza.